Kabla Matokeo Hayajatoka: Namna ya Kujipanga Kulipia Chuo

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi Tanzania hupata furaha na wasiwasi kwa siku moja. Mtoto amefaulu, na fedha za chuo hazijulikani zitatoka wapi. Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza kidato cha sita au stashahada, na wa mzazi au mlezi atakayesimama naye.

Jambo kubwa ninaloomba ulishike ni hili: kulipia chuo hakuanzi siku unapopata udahili. Kunaanza miezi kadhaa kabla, kwenye makaratasi na kwenye hesabu, na sehemu hiyo ya kazi inahitaji fedha kidogo sana. Inauma kuona kijana mwenye akili na mwenye shida ya kweli akikosa mkopo kwa sababu jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na lile la cheti cha kidato cha nne. Kosa hilo lingerekebishwa mapema, lisingemgharimu mwaka.

Piga hesabu ya mwaka mzima, si ya ada peke yake

Katika vyuo vikuu vya umma, shahada nyingi za kwanza zina ada inayoanzia karibu na shilingi milioni 1 kwa mwaka. Uhandisi, sayansi na tiba hupanda zaidi ya hapo. Vyuo binafsi hupanga ada zao wenyewe, na shahada ya udaktari katika baadhi yao hupita milioni 5 kwa mwaka. Chini ya ada huja michango. Upo mchango wa udhibiti ubora unaokwenda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambao umekuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Ipo bima ya afya ya NHIF kwa mwanafunzi, ambayo imekuwa shilingi 50,400 kwa asiye na bima nyingine. Kisha kuna usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi na amana ya tahadhari. Yote haya yameorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga na chuo. Isome hadi ukurasa wa mwisho.

Chukua mfano wa kijana anayetoka Sumbawanga kwenda kusoma shahada ya miaka 3 Dodoma, akapanga chumba mtaani na mwenzake. Makadirio yake ya mwaka yanaweza kuwa hivi:

- Ada: 1,200,000
- Michango yote ya chuo: 130,400
- Chumba, 50,000 kwa mwezi kwa miezi 10: 500,000
- Chakula, 5,000 kwa siku kwa siku 240: 1,200,000
- Nauli, vitabu, kuchapa kazi na vifurushi vya intaneti: 300,000

Jumla ni 3,330,400 kwa mwaka, na kwa miaka 3 inakaribia milioni 10. Tazama vizuri: ada ni kama theluthi tu ya gharama yote. Familia iliyouza ng'ombe ikalipa ada ya mwaka wa kwanza na kuona kazi imeisha, itashtuka kijana anapopiga simu mwezi wa pili akisema hana cha kula. Andika orodha ya namna hii kwa chuo chako na mji wako, na uandike kwa miaka yote ya kozi. Ndiyo itakayokuonyesha pengo halisi ni kiasi gani, na ndiyo utakayokwenda nayo mbele ya ndugu, mfadhili au benki.

Fanya hesabu hiyo kabla ya kuchagua chuo. Kozi ileile inaweza kuwa na ada mara mbili katika chuo kingine, na mji wenye chumba cha bei nafuu au shangazi wa kufikia kwake hupunguza gharama kuliko punguzo lolote la ada.

Makaratasi yaanze mapema

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Hadi leo ndiyo mlango mkubwa kuliko yote wa msaada wa fedha kwa mwanafunzi wa Tanzania Bara. Mzanzibari ana pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kila mwaka HESLB hutoa mwongozo wake wa uombaji. Usitegemee uliosomwa na kaka yako miaka 3 iliyopita. Pakua wa mwaka wako kwenye tovuti ya Bodi. Hata hivyo, nyaraka za msingi hazibadiliki sana, na hizi unaweza kuzianza leo:

1. Cheti cha kuzaliwa, kikiwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kwa aliyezaliwa Zanzibar, na mamlaka ya usajili ya huko.
2. Cheti cha kifo cha mzazi kwa aliye yatima, nacho kikiwa kimehakikiwa. Barua ya mtendaji peke yake haitoshi.
3. Namba ya kaya kwa familia iliyo kwenye mpango wa TASAF.
4. Uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa, kwa mwombaji mwenye ulemavu au mwenye mzazi aliye na ulemavu.
5. Uthibitisho wa ufadhili, kama shule ya sekondari ulilipiwa na shirika, kanisa, msikiti au mtu baki.
6. Namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA.
7. Mdhamini, pamoja na nakala ya kitambulisho chake na picha.

Waraka wa tano hudharauliwa sana. Bodi hutazama uwezo wa familia, na shule uliyosoma ni mojawapo ya vielelezo vyake. Kijana aliyesoma shule ya binafsi ya ada kubwa kwa hisani ya mfadhili, asipoleta uthibitisho, ataonekana mtoto wa tajiri. Rudi shuleni au kwa mfadhili uombe uthibitisho huo ungali unakumbukwa.

Kisha weka vyeti vyako vyote mezani, kimoja kando ya kingine, usome majina herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed na cha kidato cha nne kinasema Muhamad, anza mara moja safari ya wakili na RITA. Na kama ulifanya mtihani wa kidato cha nne zaidi ya mara moja, tumia kwenye mkopo namba ileile uliyotumia kuombea udahili. Namba zikitofautiana, mfumo hauwezi kukuunganisha na chuo chako.

Neno moja kwa vijana wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Mara nyingi mtakuwa kambini wakati dirisha la maombi liko wazi. Maofisa wa Bodi hutembelea makambi kuwasaidia waombaji, lakini hawawezi kumsaidia aliyeacha cheti kabatini kikiwa hakijahakikiwa. Kabla ya kuripoti, kamilisha uhakiki, weka nakala za kila kitu kwenye bahasha moja, uiache kwa mzazi unayeweza kumpata kwa simu.

Kuomba mkopo wa Bodi

Maombi hufanyika kwa mtandao. Unafungua akaunti kwa namba yako ya kidato cha nne, unalipia ada ya maombi ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, unajaza taarifa, kisha unachapisha fomu. Fomu hiyo husainiwa na wewe, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa, kijiji au shehia, na hakimu au wakili anayethibitisha viapo. Kurasa zilizosainiwa ndizo unazozirudisha kwenye mfumo. Hapa ndipo wengi huteleza. Mhuri wa mwenyekiti haupo, picha imetoka giza, ukurasa mmoja umesahaulika. Kama unahudumiwa kwenye steshenari, kaa pale ukisoma kila kinachojazwa, na neno la siri la akaunti liwe lako. Usimwachie mwenye duka akaunti ambayo utaihitaji kwa miaka yote ya chuo.

Masharti makuu ni uwe Mtanzania, uwe na udahili wa masomo ya kutwa katika chuo kinachotambulika, usiwe umepita miaka 35, na usiwe na chanzo kingine kinachogharamia masomo yako. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefika pia kwa baadhi ya kozi za stashahada zilizopewa kipaumbele, zikiwamo za afya, ualimu, kilimo, madini na usafirishaji. Mwanafunzi wa stashahada asijiondoe kwenye safu kabla ya kuangalia kama kozi yake imo.

Mkopo hutolewa kwa vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Ada huenda moja kwa moja chuoni. Fedha ya chakula na malazi, ambayo imekuwa shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata kiwango kamili, huja kwako, na ndiyo wanafunzi wanaiita bumu. Ukipangiwa, usitazame jumla tu. Tazama kila kipengele. Kijana wetu wa Dodoma anaweza kupewa chakula chote lakini ada asilimia 60, yaani 720,000. Hapo ana mkopo, ila bado anadaiwa na chuo 480,000. Asipoligundua hilo mwanzoni, atalijua wiki ya mitihani.

Umepangiwa kidogo, au hukupangiwa

Bodi hutangaza majina kwa awamu, kwa hiyo kukosa kwenye orodha ya kwanza si mwisho. Baada ya awamu hizo hufunguliwa dirisha la rufaa. Rufaa haishindi kwa maneno ya huruma. Inashinda kwa ushahidi mpya, kama cheti cha kifo ambacho hakikuwekwa, uthibitisho wa ufadhili, au taarifa za ugonjwa wa mzazi. Kila chuo kina dawati la mikopo lenye ofisa wake. Mfahamu tangu wiki ya kwanza. Na mwanafunzi aliyekosa mwaka wa kwanza anaweza kuomba tena akiwa mwaka wa pili, mradi amefaulu kuendelea.

Wakati huohuo itisheni kikao cha familia. Mjomba, shangazi na kaka wakubwa wengi wako tayari kusaidia, ila huahidi kwa ujumla na fedha hupotea katika shida nyingine. Waonyesheni orodha ya gharama, na kila mmoja achague kitu chenye jina na tarehe: huyu bima na michango Oktoba, yule kodi ya chumba Januari, mwingine nauli. Andikeni. Ahadi ni deni, na iliyoandikwa ni rahisi kuidai bila kugombana. Mzazi aliye kwenye kikundi cha kuweka na kukopa apange zamu yake iangukie mwezi wa ada.

Milango mingine

Kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, upo ufadhili wa serikali ujulikanao kama Samia Scholarship, ulioanza 2022/23, ambao hulipia gharama zote na si mkopo. Taasisi ya NMB Foundation ina ufadhili wa Nuru Yangu kwa wenye ufaulu mzuri wanaotoka familia zisizo na uwezo. Nje ya mipaka, programu ya Mastercard Foundation hufadhili vijana wa Afrika katika vyuo kadhaa, Makerere ikiwamo. Vyuo vyenyewe huwa na tuzo na nafasi chache za ufadhili. Uliza ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ufadhili wa kweli haukudai fedha ili upewe nafasi.

Benki hukopesha ada pia, hasa kwa mzazi mwenye mshahara. Kabla ya kusaini, uliza maswali matatu: riba ni asilimia ngapi kwa mwaka, inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye kiasi chote cha mwanzo, na jumla nitakayorudisha ni shilingi ngapi. Ofisa asiyetaka kukuandikia jibu la swali la tatu, mshukuru uondoke. Mikopo ya kausha damu na ile ya programu za simu isilipie ada kamwe. Ada ni gharama inayojirudia kila muhula, na mkopo wa wiki chache wenye riba nzito utakuwa umekua kabla muhula haujaisha.

Ipo pia njia ya kuchagua masomo ya gharama ndogo bila kuacha ndoto. Mafunzo ya ufundi ya muda mrefu ya VETA yamekuwa yakitozwa ada ya shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, na ukiwa na ufundi mkononi unaweza kujilipia hatua inayofuata. Chuo Kikuu Huria kinamruhusu anayefanya kazi kusoma na kulipa kwa kadiri ya masomo aliyosajili. Hizi ni njia za heshima. Fundi umeme anayesoma shahada yake taratibu bila deni amepiga hesabu nzuri.

Kulipa bila kupoteza fedha

Vyuo vya umma hupokea fedha kupitia mfumo wa malipo wa serikali. Unaingia kwenye akaunti yako ya chuo, unatoa namba ya malipo, yaani kontrol namba, kisha unalipa benki, kwa wakala au kwa simu. Kila kontrol namba ina malipo yake. Ukilipia hosteli kwa namba ya ada, utapata usumbufu wa wiki nyingi. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina la chuo linalotokea kwenye simu. Baada ya kulipa, rudi kwenye akaunti yako uone kama salio limepungua, na uhifadhi risiti hadi siku ya mahafali.

Usimpe mtu fedha mkononi au kwenye namba yake binafsi, hata akisema ni ofisa wa chuo au wa Bodi. Vishoka huzagaa zaidi wakati wa udahili na wakati wa kutangaza mikopo, kwa sababu wanajua watu wamechanganyikiwa. Hakuna anayeweza kukuongezea asilimia za mkopo kwa malipo.

Vyuo vingi huruhusu ada kwa awamu. Ukiona hutaweza kutimiza awamu kwa tarehe yake, andika barua mapema ukieleza utalipa kiasi gani na lini, uambatanishe ulichokwisha kulipa. Barua iliyofika wiki nne kabla ya mitihani husomwa tofauti na machozi ya asubuhi ya mtihani.

Bumu: ipangie kazi kabla haijafika

Bumu ya kwanza haiji siku unayofika chuoni. Ni lazima usajiliwe, taarifa za benki ziwe sahihi, na usaini. Njoo na fedha ya chakula ya mwezi mmoja angalau na kodi ya kuanzia, kwa maana wenye nyumba wengi hutaka miezi kadhaa kwa mkupuo.

Kwa kawaida bumu hutoka kwa vipindi vya siku 60 hivi, kwa hiyo kiwango kamili ni 600,000. Siku inapoingia, toa kwanza kodi ya miezi miwili, 100,000. Toa tena 100,000 uilipe moja kwa moja kwenye ada. Zinabaki 400,000, kama 6,600 kwa siku. Zinatosha kula na kusoma, hazitoshi kununua simu mpya. Ukifanya hivyo kwa bumu zote nne za mwaka, umelipa 400,000 kati ya zile 480,000 za kijana wetu, na kwenye ada familia inabakiwa na 80,000 tu. Kupika na wenzako wawili getoni husaidia zaidi, na kubebana hosteli, yaani kulala wawili kwenye nafasi ya mmoja, pamoja na shida zake, kumewavusha wengi.

Ni mkopo: utarudishwa

Marejesho huanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo, au mapema ukiajiriwa. Mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri hulipa 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake. Nafuu kubwa ilikuja mwaka 2021, serikali ilipoondoa tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni liongezeke kila mwaka.

Kijana wa Dodoma akihitimu na deni la milioni 10 na kuajiriwa kwa mshahara wa msingi wa 800,000, atakatwa 120,000 kwa mwezi, na atamaliza kwa miaka 7 hivi. Ni deni linalobebeka kwa anayelijua. Na kila anayelirudisha anamwezesha mtoto wa mkulima mwingine kuingia darasani, maana marejesho hayo hukopeshwa upya.

Ukikwama katikati

Mzazi anaweza kufariki, mazao yakakataa, mfadhili akaacha. Likitokea, usiondoke chuoni kimyakimya. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, dawati la mikopo na idara yako, na kama hakuna njia, omba kwa maandishi kuahirisha masomo, kisha hakikisha Bodi imepata taarifa. Aliyeahirisha kwa utaratibu ana nafasi yake, matokeo yake na haki ya kurudi. Aliyetoweka huonekana ameacha, na kurudi huwa kugumu mara mbili.

Wiki hii, basi, fanya mambo matatu: hakiki cheti cha kuzaliwa, linganisha majina kwenye vyeti vyote, na andika gharama za kozi yako kwa miaka yote. Hayo matatu hayamsubiri tajiri wala mfadhili, na yakiwa tayari, msaada ukitangazwa utakukuta una cha kuwasilisha.